Kalkulasi mwaka wa kwanza chuoni: Karatasi ambazo wengi hawazisomi

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka ifikapo Oktoba au Novemba, vyuo vikuu vyetu hupokea maelfu ya vijana waliofaulu kidato cha sita. Hufika na mabegi, magodoro na barua za udahili, na kwa wiki ya kwanza akili zao zote huwa kwenye usajili, chumba cha kulala na fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambazo wao wenyewe huziita bumu.

Katika wiki hiyo hiyo, kwa wale watakaosoma uhandisi, sayansi, takwimu, uchumi na fani nyingine zinazotegemea hisabati, mhadhiri wa kalkulasi huingia ukumbini na kugawa karatasi mbili au tatu. Siku hizi mara nyingi humtumia kiongozi wa darasa, naye huzisambaza kwenye simu za wenzake. Karatasi hizo ni mwongozo wa kozi. Zinaeleza mada zitakazofundishwa, wiki za majaribio, mgawanyo wa alama, masharti ya mahudhurio na hatua zitakazochukuliwa kwa atakayekosa jaribio au kukutwa akinakili.

Ni wachache wanaozisoma hadi mwisho. Wengi huzitafuta mwishoni mwa muhula, matokeo yakiwa yameshatoka na mbele ya jina kuna alama isiyotarajiwa.

Hasara yake si ndogo. Kalkulasi ni somo ambalo masomo mengi ya mwaka wa pili na wa tatu hujengwa juu yake. Anayeshindwa hapo hulazimika kurudia mtihani, au kulibeba somo hadi mwaka unaofuata, na matokeo yake ya jumla yakiwa mabaya zaidi anaweza kuondolewa chuoni. Mkopo aliokwisha kuutumia hubaki kuwa deni. Familia iliyouza ng'ombe au kiwanja ili kijana asome haijui kwamba sehemu kubwa ya hukumu hiyo ilikwisha kuandikwa katika karatasi za wiki ya kwanza.

Kabla ya kuyafikia masharti yenyewe, ni vema msomaji ambaye hakupata kulisoma somo hili akajua linahusu nini.

Chukua dereva wa basi anayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, safari ya kilomita zipatazo 190, akatumia saa nne. Kwa wastani amekwenda chini ya kilomita 48 kwa saa. Lakini njiani, kwenye eneo la makazi ambako sheria inamtaka asizidi kilomita 50 kwa saa, askari wa usalama barabarani amemmulika kwa tochi na kumkuta akikimbia 80. Dereva hawezi kujitetea kwa wastani wa safari nzima. Tochi imepima kasi yake pale pale alipomulikwa.

Kasi ya papo hapo ndiyo swali la kwanza la kalkulasi. Linaonekana jepesi hadi mtu ajiulize: kama kasi ni umbali kugawanya kwa muda, na katika nukta moja ya muda gari halijasogea hata kidogo, tunagawanya nini kwa nini?

Swali la pili linakwenda upande wa pili. Mita ya LUKU nyumbani inajua umeme unatumika kwa kiasi gani katika kila nukta. Jokofu linawaka na kuzima, pasi inachomekwa na kuchomolewa, na matumizi hayatulii. Hata hivyo jioni mita inakuonyesha uniti ulizotumia mchana kutwa. Imekusanya vipande vidogo vidogo visivyolingana na kupata jumla moja.

Katika karne ya 17 Isaac Newton wa Uingereza na Gottfried Leibniz wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba maswali hayo mawili ni pande mbili za jambo moja, na kwamba jibu la moja hutengua la pili kama kutoa kunavyotengua kujumlisha. Huo ndio moyo wa somo zima. Mengine yote ya muhula ni namna ya kuyafanya hayo kwa usahihi.

Sasa turudi ukumbini.

Mwanafunzi aliyesoma mchepuo wenye Hisabati ya Juu, kama Fizikia, Kemia na Hisabati, hufika chuoni akiwa amekwisha kukutana na kalkulasi. Aliyepitia hisabati tumizi ya msingi tu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa somo la nyongeza kwa wanasayansi na wachumi wasiochukua Hisabati ya Juu, ameionja juu juu. Mtu angedhani wa pili ndiye aliye hatarini peke yake. Kwa kweli wa kwanza naye ana mtego wake.

Mtego wenyewe ni huu: wiki za mwanzo humsikia mhadhiri akitaja mambo aliyokwisha kuyaona kidato cha sita, naye hujisemea kwamba haya anayajua. Huacha kuhudhuria, au huhudhuria huku akichezea simu. Jaribio la kwanza linapofika hugundua kwamba shuleni alifundishwa namna ya kupata jibu, na hapa anaulizwa kwa nini njia ile inafanya kazi na ni lini haifanyi. Fomula aliyoikariri ipo, lakini swali halikuiomba.

Tofauti ya pili ni ya muda. Shuleni alikuwa na miaka miwili, mwalimu aliyemfuata hadi bwenini, na mtihani mmoja wa taifa ambao kwa sehemu kubwa ndio ulioamua. Uzembe wa kidato cha tano uliweza kufidiwa kwa kukesha miezi mitatu ya mwisho. Muhula wa chuo una wiki 15 hivi za masomo, na alama huanza kukusanywa mapema sana ndani ya wiki hizo.

Mgawanyo wa alama ndio mstari wa kwanza ambao mwanafunzi angepaswa kuutafuta katika mwongozo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, utaratibu uliozoeleka kwa shahada ya kwanza ni alama 40 kwa kazi za muhula, yaani majaribio na mazoezi, na alama 60 kwa mtihani wa mwisho. Kufaulu huanzia alama 40, na daraja la A huanzia 70. Vyuo vingine vina mgawanyo unaokaribiana na huo, ingawa si wote unaofanana.

Tuseme mwanafunzi amepuuza majaribio yote mawili na akafika mwisho wa muhula akiwa na alama 8 kati ya 40. Ili afaulu tu, anahitaji 32 kati ya 60 katika mtihani wa mwisho, zaidi ya nusu. Ili afikie alama 50, ambazo humpa daraja la B, anahitaji 42 kati ya 60, na hiyo ni asilimia 70. Kwa maneno mengine, atalazimika kufanya mtihani kama mtu wa A ili aambulie B, na afanye hivyo katika mada za mwisho ambazo ni ngumu kuliko zile zilizomshinda mwanzoni.

Mwenzake mwenye 28 kati ya 40 anahitaji 12 tu kati ya 60 ili afaulu. Anaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa ametulia, na mtu aliyetulia hukosea kidogo.

Zaidi ya hapo, baadhi ya vyuo vina sharti kwamba asiyefikisha kiwango fulani cha alama za kazi za muhula haruhusiwi kabisa kufanya mtihani wa mwisho. Vyuo kadhaa pia hudai mahudhurio ya asilimia 75. Masharti hayo huandikwa kwa sentensi moja fupi katikati ya ukurasa, wala hayapigwi mstari.

Kuna hesabu nyingine ambayo mwongozo huitaja kwa tarakimu moja tu, nayo ni krediti. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi yenye krediti 12 inamdai saa 120. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa nane kila wiki. Kama ratiba ina mihadhara ya saa tatu na semina ya saa moja, basi zinabaki saa nne ambazo mwanafunzi anatarajiwa kukaa mwenyewe na kalamu na karatasi, kila wiki, kwa somo hilo moja.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huichukulia ratiba kuwa ndiyo kazi yote. Akiona Jumatano mchana hana kipindi, anasema ana nafasi. Hana. Nusu ya kozi imekaa katika hizo nafasi.

Lakini saa peke yake hazitoshi, na hapa ipo habari moja kutoka Marekani inayostahili kuelezwa kwa kirefu kidogo.

Katika miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, mwanahisabati kijana aitwaye Uri Treisman alisumbuliwa na jambo moja. Wanafunzi Weusi walikuwa wakianguka kwa wingi katika kalkulasi ya mwaka wa kwanza, ilhali wenzao wenye asili ya China walikuwa wakifanya vizuri sana. Wahadhiri aliowauliza walikuwa na majibu tayari: vijana hawa hawana ari, shule walizotoka ni dhaifu, wazazi wao hawajali elimu. Treisman aliamua kuwafuatilia wanafunzi 20 wa kila kundi, akaenda hadi walikoishi kuona wanavyosoma.

Alichokikuta kilibomoa majibu yote yale. Wanafunzi Weusi walikuwa na ari kubwa, wengi wao walikuwa wa kwanza katika shule zao, na wazazi wao walijinyima ili wao wafike pale. Walifuata maagizo ya mwongozo kama yalivyoandikwa: saa mbili za kujisomea kwa kila saa moja ya darasani, jumla saa nane hivi kwa wiki. Ila walisoma peke yao, mlango umefungwa. Wenzao wa asili ya China walitumia saa zipatazo 14. Sehemu kubwa kila mmoja alikuwa peke yake, kisha jioni walikutana, wakalinganisha majibu, wakabishana na kuulizana maswali ya mitihani ya nyuma. Aliyekosea aliambiwa usiku ule ule. Aliyekwama alijua kama amekwama peke yake au swali ni gumu kwa wote.

Treisman alianzisha warsha ambamo wanafunzi walikutana kwa vikundi kufanya maswali magumu kuliko ya darasani. Hakuyaita masomo ya ziada kwa walio dhaifu, kwa kuwa alijua jina hilo lingewafukuza. Alama za wanafunzi Weusi waliojiunga zilipanda hadi kufikia na hata kuzipita za wengine. Mpango huo ulienea katika vyuo vingi vya Marekani.

Wakati huo huo mjadala ulikuwa ukiendelea nchini humo kuhusu kalkulasi yenyewe. Katika mkutano wa mwaka 1987 mjini Washington, kiongozi wa Chuo cha Taifa cha Uhandisi cha nchi hiyo, Robert White, alitaka somo hilo liwe pampu ya kuwasukuma vijana kuelekea sayansi, lisiendelee kuwa chujio la kuwaondoa. Na mwaka 2014 watafiti waliochambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati walikuta kwamba palipo na mihadhara mitupu walioshindwa walikuwa karibu asilimia 34, na pale wanafunzi walipofanyishwa kazi na kujadiliana darasani, karibu asilimia 22.

Kwetu vikundi vya kujadiliana si jambo geni. Wanafunzi huvianzisha kila mwaka chini ya miembe na kwenye vibaraza vya mabweni. Tatizo ni wakati vinapoanza. Vingi huundwa wiki mbili kabla ya mtihani, na kazi yake kubwa huwa ni kupitia madesa, yaani majibu ya mitihani iliyopita yaliyonakiliwa na kurithishwa mwaka hadi mwaka. Desa humwonyesha mtu swali likiwa limekwisha kufanywa. Halimwonyeshi pale ambapo angekwama.

Vikundi hivyo vina faida nyingine ambayo Berkeley hawakuihitaji. Watoto wengi wa shule za serikali hujifunza hisabati kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha Kiingereza huanza kidato cha kwanza na kuendelea hadi chuoni. Mwanafunzi anaweza kuelewa hesabu na asielewe swali. Katika kikundi Kiswahili hurudi, na mtu husikia kwa mara ya kwanza kwamba lile neno zito la mhadhiri maana yake ni mwinamo wa mstari, au kikomo ambacho namba inakikaribia bila kulazimika kukifika.

Kuna hata maneno madogo yenye kugharimu. Maswali ya mitihani ya kalkulasi hupenda kutumia neno moja la Kiingereza lenye maana ya "hivyo basi". Msomi wa kawaida hulipita kama kiunganishi. Katika mtihani ni amri: jibu sehemu hii kwa kutumia ulichokipata katika sehemu iliyotangulia. Mwandishi wa makala haya, enzi zake, alipata jibu sahihi kwa njia nyingine, ndefu na nzuri machoni pake, akaambulia sifuri kati ya alama nne. Alikwenda kulalamika. Msahihishaji alimwonyesha lile neno kwa ncha ya kalamu, hakusema kitu.

Hilo linatufikisha kwenye sharti linalolalamikiwa kuliko yote: onyesha kazi yako.

Nazi inakatika mnazini. Kwa makadirio, umbali inaoanguka kwa mita ni 5 mara muda mara muda, muda ukiwa katika sekunde. Ina kasi gani sekunde moja baada ya kukatika? Mwanafunzi aliyesoma fizikia ataandika mita 10 kwa sekunde na kuendelea na swali jingine. Jibu ni sahihi. Kama swali lina alama sita, huenda akapata moja.

Kinachotakiwa ni njia. Kati ya sekunde 1 na sekunde 1.1 nazi imeanguka mita 1.05, kwa hiyo kasi ya wastani ni mita 10.5 kwa sekunde. Kati ya sekunde 1 na 1.01 wastani ni 10.05. Ukiufupisha muda zaidi wastani unaikaribia 10. Kisha aandike hayo kwa herufi badala ya namba, afanye aljebra yake, afupishe, na mwisho auache muda ukielekea sifuri. Hapo tu ndipo swali la dereva na tochi linapopata jibu, na msahihishaji anataka kuona kwamba mwanafunzi amelipita daraja hilo kwa miguu yake.

Na katika kulipita, wengi huanguka mahali pasipotarajiwa. Wanaosahihisha somo hili watakwambia kwamba makosa mengi ya mwaka wa kwanza hayatokani na kalkulasi. Ni aljebra ya kidato cha pili: kuweka kipeo cha pili kwenye jumla ya namba mbili kana kwamba kila moja inapewa kipeo chake peke yake. Jaribu kwa 3 na 4. Jumla ni 7, na 7 mara 7 ni 49. Ukipa kila moja kipeo chake unapata 9 na 16, yaani 25. Hakuna mtu mzima atakayekosea kwa namba, lakini kwa herufi, saa ya mtihani, kosa hilo huandikwa na mamia. Mhadhiri hatarudi kufundisha hayo. Mwongozo huyataja kwa maneno "yanayotarajiwa kujulikana", na mwanafunzi mwenye busara huyapitia upya katika wiki ya kwanza wakati wengine bado wanapanga foleni ya usajili.

Kuhusu simu, mambo yamebadilika upesi. Zipo programu zinazopiga picha swali na kutoa hatua zote, na tangu mwishoni mwa mwaka 2022 akili bandia imefanya kazi hiyo kuwa nyepesi zaidi. Matokeo yake yanaonekana kwenye orodha za alama: zoezi la nyumbani 9 kati ya 10, jaribio 3 kati ya 15. Mhadhiri yeyote anajua kusoma safu hizo mbili. Ndiyo maana katika kozi nyingi uzito mkubwa hukaa kwenye majaribio ya darasani, ambako simu haziingii, na kikokotoo kinachohifadhi fomula nacho hukatazwa. Anayekamatwa na simu ndani ya chumba cha mtihani hajitetei kwa kusema ilikuwa imezimwa. Adhabu inaweza kuwa kufukuzwa chuo.

Sehemu ya mwongozo inayohitaji kusomwa kwa makini kuliko zote, na ambayo kwa mazingira yetu ni ngumu kuliko kalkulasi yenyewe, ni ile ya udhuru.

Kwa kawaida imeandikwa kwamba asiyefanya jaribio bila sababu inayokubalika hupata sifuri. Sababu zinazokubalika ni ugonjwa uliothibitishwa na daktari na msiba wa mtu wa karibu. Swali ni nani aliye wa karibu. Kanuni nyingi huandika mzazi, ndugu wa tumbo moja, mume, mke au mtoto. Kijana anayepigiwa simu usiku kwamba baba yake mkubwa amefariki Bukoba hana mjadala moyoni mwake kama huyo ni baba au si baba. Ndiye aliyemlipia ada tangu darasa la kwanza. Atapanda basi alfajiri, zaidi ya kilomita 1,300, atazika, atakaa matanga, na siku sita baadaye atarudi kukuta jaribio limepita.

Wahadhiri wengi ni watu wa huku huku na wanaelewa. Lakini wana wanafunzi mia tatu au zaidi, wamekwisha kuzikiwa mababu na mabibi wengi mno katika wiki za majaribio, na hawana namna ya kumtambua mkweli isipokuwa kwa karatasi. Kwa hiyo taratibu ndizo humwokoa mwanafunzi. Atoe taarifa kabla ya kuondoka, hata kwa ujumbe wa simu kwa mhadhiri na kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Akiwa huko aombe barua ya serikali ya kijiji au mtaa yenye mhuri, ikitaja jina la marehemu, uhusiano na tarehe. Akirudi aipeleke siku hiyo hiyo, kwa kuwa kanuni huweka idadi ya siku. Kwa ugonjwa ni vivyo hivyo: karatasi ya hospitali iwe na tarehe ya siku ya jaribio, si ya wiki iliyofuata.

Wapo wanaoona aibu kumwendea mhadhiri kwa jambo lolote. Wamelelewa kumwamkia mkubwa na kupita. Mwongozo hutaja saa za kuonana na mhadhiri ofisini, na saa hizo zimewekwa kwa ajili yao. Kwenda na swali lililoandikwa kwenye daftari, pamoja na jaribio la kulitatua hata kama limekwama katikati, si utovu wa adabu. Anayekwenda na kusema tu "sijaelewa" ndiye hurudi mikono mitupu.

Mambo yakienda vibaya, ngazi zake zinajulikana. Asiyefaulu hurudia mtihani, ambao vijana huuita sapu, wakati wenzake wako likizo; hujilipia malazi na chakula mwenyewe, na katika vyuo vingi daraja la juu kabisa analoweza kupewa ni C, hata akipata alama 90. Akishindwa tena hulibeba somo, na masomo ya mbele yanayolihitaji hujifunga. Akiwa na wastani wa chini katika masomo yote, hudisko, neno ambalo halichekeshi mtu yeyote mwezi wa Julai. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka makato ya mkopo kwa aliyeajiriwa kuwa asilimia 15 ya mshahara, na kutomaliza shahada hakufuti deni.

Kukata rufaa kunaruhusiwa. Kuna ada, kuna idadi ya siku tangu matokeo yatangazwe, na mara nyingi kinachokaguliwa ni kama alama zilijumlishwa sawasawa na kama kuna ukurasa ulioachwa bila kusahihishwa. Alama za majaribio zenyewe zina muda wake wa kupingwa, mfupi zaidi, wakati karatasi zinaporudishwa. Mwanafunzi ambaye hakwenda kuchukua karatasi yake ya jaribio la kwanza hawezi kudai mwezi wa Februari kwamba alipunjwa Desemba.

Mzazi aliye mbali naye anaweza kuuliza jambo moja linalojibika. Kijana akipiga simu kuomba nauli mwezi wa Desemba, na akasema masomo yanaendelea vizuri, aulizwe jaribio la kwanza la kalkulasi lilifanyika tarehe ngapi na alipata ngapi kati ya ngapi. Kama wiki ya saba imepita na hajui, bado kuna wiki nane, jaribio moja na mtihani wenye alama 60.